Tochi Sita za Baba

Katika nyumba yetu ya Ujiji kuna tochi sita, na zote ni nzima. Nne nilinunua mimi, mbili alileta kaka yangu anayeishi Mwandiga, na kila moja iliingia nyumbani kwa shangwe na kutangazwa mbovu kabla ya wiki kwisha. Sasa ziko juu ya kabati la vyombo, zimepangwa kwa urefu. Mgeni akiziona anadhani tunafanya biashara.

Niseme mapema ili nisionekane namvizia msomaji: muda wote tuliokuwa tunashindana kununua tochi, kilichokuwa kinaisha nguvu ni macho ya baba. Tochi hazikuwa na kosa lolote. Na mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nachora jicho ubaoni kwa chaki za rangi, naweka lenzi mahali pake, natoa mishale ya mwanga kutoka kwenye mti hadi nyuma ya jicho, na wanafunzi wangu wakipewa mtihani wanafaulu. Aliyefeli ni mwalimu wao, na hakuna aliyemsahihisha.

Baba hakuwa mtu wa kuletewa mwanga hivi hivi. Kwa miaka mingi alikuwa fundi karabai, zile taa za mafuta za kupiga pampu ambazo wavuvi wa dagaa walikuwa wanatoka nazo ziwani ili samaki wafuate mwanga. Majira ya giza, mwezi usipoonekana, benchi lake karibu na soko lilikuwa na foleni kuliko zahanati. Aliwasha karabai, akarudi hatua tatu nyuma, akakunja mikono na kuitazama. Mwanga ukiwa bado na uwekundu alisema neno moja tu: "Mbichi." Mvuvi habishi. Baba anazibua tundu kwa sindano, anapiga pampu tena, anarudi nyuma, mpaka aseme, "Umeiva." Hapo ndipo taa inaruhusiwa kuondoka benchini.

Halafu zikaja taa za betri. Ndani ya misimu michache wavuvi wote wakamhama, wengine wakipita mbele ya benchi lake na hizo taa mpya wamezificha chini ya makoti kwa aibu. Baba hakulalamika. Alitundika karabai mbili sebuleni, akauza benchi, na tangu siku hiyo akawa na dharau ya kitaalamu kwa kila kitu kinachowaka bila kupigwa pampu. Hiyo dharau ndiyo iliyotuponza, kwa sababu ilikuwa na sababu zake na sisi tulizijua.

Hadithi ya tochi ilianza na mtaro. Baba huenda msikitini alfajiri kwa miguu, na njia ya kwetu ina mtaro wa maji ya mvua upande wa kushoto. Siku moja akatumbukia. Hakuumia, kanzu tu ndiyo ilipata msiba, lakini tulikubaliana kwamba mtu wa umri wake hawezi kutembea na kimwanga cha simu. Nikaenda Gungu kwa muuza tochi.

Kumpima muuza tochi ni kazi kuliko kuzipima tochi zake. Yule bwana alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno mengi na duka dogo lenye jua kali, kwa hiyo alikuwa ametengeneza chumba cha giza: boksi kubwa la biskuti, limetobolewa upande mmoja tundu la kuingiza tochi na upande mwingine tundu la kuingiza kichwa cha mteja. "Madam," aliniambia, "hii ukiiwasha hapa, Kalemie ng'ambo ya ziwa wanadhani kumekucha." Nikaingiza kichwa. Nilipokuwa humo ndani, nimeinama barabarani mchana kweupe, nikasikia sauti za wanafunzi wangu wawili wakisema shikamoo kwa pamoja, kwa heshima kubwa mno. Niliitikia nikiwa ndani ya boksi.

Tochi yenyewe ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, na boksi lake liliahidi lumeni za mwanga nyingi kuliko wakazi wa Ujiji. Sikudanganyika. Betri ya ukubwa wa kidole gumba ina kiasi chake, na watu wanaochapisha maboksi hawajawahi kusomeshwa na mimi. Niliipeleka shuleni, nikafunga madirisha ya maabara, nikamulika nayo ukuta kwa umbali wa hatua tano na kupima kwa simu mwanga unaoanguka pale. Nikaandika. Nikaiacha ikiwaka nusu saa, nikapima tena kuona imepungua kiasi gani, maana tochi nyingi ndogo ni hodari dakika tano za kwanza tu, halafu zinapata moto na kujipunguza zenyewe kimyakimya. Hii haikupungua sana. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikamkabidhi mzee.

Aliiwasha sebuleni, akarudi hatua tatu, akakunja mikono.

"Mbichi," akasema.

Tulicheka mpaka machozi. Niliona raha kabisa, kwamba mzee wetu bado ni yule yule.

Kaka yangu alipopata habari alilichukulia jambo hili kama changamoto ya ukoo. Yeye anauza vipuri vya pikipiki Mwandiga, na tochi pekee aliyokuwa anaiheshimu hadi hapo ni ile ya trafiki ya kupimia mwendo, ambayo imempiga mara kadhaa kwenye barabara ya kuja mjini. Alileta tochi ya chuma, nzito, yenye kichwa cha kuvuta mbele na nyuma. Akaniambia, "Dada, wewe unanunua kwa vipimo, mimi nanunua kwa uzito." Baba akaiwasha, akaitazama, akasema mbichi. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Ya tatu niliichagua kwa akili. Niliwaza hivi: karabai iliyoiva ina mwanga wenye umanjano wa mbali, na tochi hizi za kisasa zinatoa weupe wa kibuluu unaoufanya uso wa mtu mzima wa afya uonekane wa mgonjwa. Kumbe tatizo si wingi wa mwanga, ni rangi. Nikaingia tena kwenye boksi la biskuti, nikatoka na tochi yenye mwanga wa joto, unaoonesha wekundu wa kitenge kuwa wekundu na ngozi kuwa ngozi. Muuza tochi aliniambia hiyo hainunuliwi, watu wanataka nyeupe. Nikamwambia watu hawajui.

Baba aliitazama hiyo kwa muda mrefu. Mimi na kaka tulisimama kama washitakiwa.

"Umeiva," akasema.

Nilipiga vigelegele. Kabla sijamaliza, akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini mwembamba."

Hilo neno hatukuwahi kulisikia kwake. Katika miaka yote ya benchi, mwanga ulikuwa mbichi au umeiva, haukuwahi kuwa mwembamba. Mtu mwenye akili angesimama hapo na kuuliza. Mimi nikafungua daftari na kuandika: *tatizo ni upana*.

Ni lazima nieleze kwa nini hatukuuliza, maana mgeni anaweza kutuona wajinga tu, na sisi ujinga wetu ulikuwa na adabu zake. Kwetu mzazi hazeeki mbele ya watoto wake. Nyama ikimshinda kutafuna, nyama ndiyo ngumu, na aliyeipika anaombwa radhi. Asiposikia, ni wewe unayeongea chini. Akitweta kupanda kilima cha kwenda mjini, watu wa barabara wanalaumiwa kwa kukiacha kilima. Tumelelewa hivyo na tunalea hivyo, na kila mtu anajua anachokisikia hasa. Mtu akisema tochi ni mbovu, unasema kweli hii tochi ni mbovu, unaitoa mbele yake na kuleta nyingine. Kumwambia mzee "macho yako" ni kama kumtajia deni mbele ya wageni.

Basi nikajifunza habari za upana. Nilijua kwamba kikombe kile cha kung'aa kilichomo ndani ya kichwa cha tochi, kikiwa kirefu na laini, kinarusha mwanga mbali lakini kwa kuubana. Kikiwa kifupi, chenye vipele kama ganda la chungwa, kinaumwaga pande zote. Kaka hakusubiri somo. Alileta ya nne, yenye kichwa kipana kama kisosi, na akasema hii hatupimi sebuleni, tunaipima ufukweni.

Tulikwenda karibu na magharibi, jua bado halijazama vizuri, wavuvi wakipakia nyavu. Baba aliketi juu ya ukingo wa mtumbwi uliopandishwa mchangani, kofia yake imenyooka, fimbo katikati ya magoti. Kaka akasimama pembeni yake kama mtu anayezindua meli, akawasha, akayamulika maji. Kelele zikaanza hapo hapo.

"Bwana mkubwa, zima hiyo!" mvuvi mmoja alipiga ukelele. "Dagaa wakishiba mwanga wa bure jioni hii, sisi tuwape nini?"

Kaka akageuza tochi kutoka kwenye maji, akauelekeza mwanga kwenye mtumbwi mmoja uliokuwa unaelea karibu. "Unaona watu pale, Baba?"

"Namuona yule mwenye jezi nyekundu."

"Na wa kushoto kwake?"

"Kuna mwingine?"

Walikuwa watatu. Wa kushoto kabisa alikuwa amesimama, anapunga mikono yote miwili, maana alimfahamu baba tangu enzi za benchi na alikuwa anamsalimia. Kulikuwa bado na mwanga wa mchana wa kutosha kusoma gazeti. Kaka aliitazama tochi yake kwa masikitiko. "Ah, ni fokasi," akasema. Tukainamia tochi sisi wawili, tukaizungusha kichwa mbele na nyuma, tukabishana kuhusu fokasi, na yule mtu akaendelea kupunga mpaka akachoka na kukaa. Nikikumbuka mikono yake nasikia joto usoni hata leo.

Mtu huyo hakuwa peke yake. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza mawese, alinisimamisha nje ya geti la shule kunilalamikia. "Mwalimu, mzee wako siku hizi anaringa. Namwambia mwakeye, mwakeye, kama tulivyozoea kuamkiana Kiha, mkono nainua, ananipita kama jiwe. Nimemkosea nini?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mzee ana mambo ya kufikiria, na anayetaka kusalimia watu wazima awasogelee, si kuinua mkono kutoka upande wa pili wa barabara kama askari. Nilimtetea baba kwa nguvu zangu zote dhidi ya jambo lisilo sahihi. Mama wa mawese akaondoka amekasirika, na alikuwa na haki.

Ya tano ilikuwa yangu, yenye ganda la chungwa. Niliipima, ikaenea ukuta mzima wa maabara kutoka pembe hadi pembe. Baba akaiwasha, akageuza kichwa taratibu kulia, akageuza kushoto, akasema mwembamba, asante mwanangu, umehangaika. Wiki ile ile akatumbukia tena mtaroni, upande ule ule.

Ya sita sitaki kuizungumzia sana. Ilikuwa ya kufunga kichwani. Hoja yangu ilikuwa safi: mwanga utaelekea popote anapotazama. Baba aliishika kwa vidole viwili, akauvuta ule mkanda, akauachia. "Mwanangu," akasema, "mimi naenda kuswali, siendi kuchimba dhahabu." Akairudisha kwenye boksi lake kwa uangalifu, akafunga na kifuniko.

Kilichotuzindua kilitokea saa saba mchana. Alikuwa anavuka barabara kwenda dukani, jua la utosini, hakuna wingu, na bodaboda iliyotoka kushoto ikamkwangua kiwiko. Dereva alipiga honi, watu walipiga kelele, baba akasimama katikati ya barabara akiuliza imetoka wapi. Dereva alikuwa analia anapotusimulia. Alisema alimpigia honi tangu mbali, na mzee alikuwa anatazama mbele tu, ametulia, kama mtu ambaye barabara yote ni yake.

Kaka alipiga simu kutoka Mwandiga akifoka. "Bodaboda hizi! Zinaendeshwa na vichaa!" Nami nilifungua mdomo kumuunga mkono. Nilikuwa na sentensi tayari, nzuri, yenye hasira. Nikakuta siwezi kuitoa, kwa sababu nilikuwa nimesimama uani na jua linanichoma shingo. Jua halina fokasi. Kama mtu haoni pikipiki chini ya jua la Ujiji saa saba mchana, hakuna duka la Gungu litakalomuuzia kitu kinachozidi hapo. Niliogopa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaogopa kabisa, kama mtoto.

Hata hivyo sikumwambia. Nilimwambia tunakwenda hospitali kwa ajili ya kiwiko. Tulikaa kwenye benchi la kusubiri asubuhi nzima, tukazungumza habari za kiwiko, na nilipomsogelea muuguzi kumnong'oneza kwamba shida si kiwiko, nilitazama nyuma kuhakikisha baba hasikii. Muuguzi alitupeleka chumba cha macho. Baba hakuuliza kwa nini kiwiko kinatibiwa huko.

Daktari alikuwa dada mdogo, umri wa kuwa mwanafunzi wangu. Alimwamkia, akampima hili na lile, akachungulia ndani ya macho yake kwa kifaa chake kimoja baada ya kingine, kisha akasema bila kupepesa, "Baba, macho yako yanaumwa. Ni presha ya macho. Inakula pembeni taratibu, mtu hajui mpaka imekwenda mbali." Pumzi moja tu, basi, kayasema yote. Alieleza kwamba la kushoto limebaki na kidogo sana, la kulia limeanza kubanwa, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone kila siku, maisha yake yote. Mimi nilikuwa nahesabu miezi. Tochi ya tatu hadi ya sita ilikuwa miezi mingapi, na jicho la kulia lilikuwa pana kiasi gani siku ile nilipopiga vigelegele?

"Sasa nataka kuona umebakiwa na upana gani," daktari akasema. Akavuta pazia, akaketi mbele yake magoti kwa magoti, akatoa tochi mfukoni. Ilikuwa ya ukubwa wa kalamu. Katika orodha yangu ingeshika mkia. "Nitazame hapa puani, usihamishe macho. Nitaileta tochi kutoka pembeni. Ukiiona tu, sema."

Alianzia kushoto, nyuma kabisa, karibu na bega langu, maana nilikuwa nimeketi upande huo. Niliona kile kimwanga kikipita juu ya sikio la baba, kikiangaza nywele nyeupe zilizo chini ya kofia. Baba alikuwa ametulia, anatazama mbele, anasubiri kwa adabu kazi ianze. Kikafika kwenye kona ya jicho. Moyoni nilikuwa nasema, sema Baba, sema. Kikapita jicho. Kilikuwa kimekaribia kabisa pua aliposema, "Naam. Hiyo."

Daktari akashusha mkono. Baba akakohoa kidogo, akamwambia kwa upole, fundi kwa fundi, "Usinielewe vibaya, binti yangu, lakini hii yako nayo ni nyembamba."

Daktari akanitazama mimi.

"Hapana, Baba," nikasema. "Tochi ni nzima. Ni macho."

Hakushtuka. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu ile ya tatu. Nikawaambia mwembamba, nikangoja mmoja wenu aniulize, mwembamba kwa nani? Mkaleta ya nne."

Daktari alikuwa anaandika. Baba akanyoosha mkono wake kuelekea mlangoni, upande wa kulia, akapapasa hewa.

"Uko wapi, mwanangu?"

Nilikuwa kushoto kwake. Nilikuwa nimekaa upande huo tangu asubuhi.